Sura ya Sita: Difu Haina Dipstiki

Kila masika, Mto Msimbazi unapofurika na maji kutanda barabarani pale Jangwani, wako madereva wa Dar es Salaam wanaojitosa kupita. Gari likifika ng'ambo bila kuzima, dereva humshukuru Mungu, hukanyaga breki mara mbili tatu zikauke, safari ikaendelea. Wachache hukumbuka kwamba chini ya uvungu, katikati ya magurudumu ya nyuma, kuna chuma kilichokuwa cha moto tangu asubuhi na ambacho kimezamishwa ghafla kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani ya difu hupoa, husinyaa, na difu huvuta pumzi kupitia kipumulio chake kidogo kilichoko juu ya ekseli. Kipumulio kikiwa kimezama, au sili zikiwa zimechoka, kinachovutwa ni maji. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Gari linatembea vilevile kesho yake na wiki inayofuata, hadi siku difu inapoanza kulia, na wakati huo gharama haizungumzwi tena kwa bei ya lita mbili tatu za oili.

Injini ina dipstiki, na hata mwenye gari asiyejua kitu huifuta kwa kitambaa na kuitazama. Breki zina kikopo chenye alama. Difu, isipokuwa chache nitakazozitaja, haina chochote cha kukuonyesha hali yake kwa nje. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kila mwenye gari lenye difu ya nyuma aibadilishe oili yake mwenyewe, walau mara moja, nyumbani kwake. Fundi mzuri ataifanya kazi hii vizuri na haraka kuliko wewe. Lakini wewe ndiye utakayeishi na gari hilo, na ni vyema macho yako yaone kilichotoka na mkono wako ujue kilichoingia.

Kwanza hakikisha unayo difu ya kushughulikia. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Vitz, Passo na IST ya kawaida, difu yake imo ndani ya giaboksi na kwa kawaida hutumia oili ileile ya giaboksi. Ukilala chini ya gari la namna hiyo kutafuta difu nyuma, utaona tenki la mafuta, eksozi na spea taya. HiAce, Hilux, Mark II, Crown, Canter na ndugu zao wanaosukumwa kwa nyuma wanayo: ni ule uvimbe wa chuma ambao propela inaingia. Land Cruiser, Prado na Hilux za foo-wili zina mbili, ya mbele na ya nyuma, pamoja na kisanduku cha kugawa nguvu chenye oili yake peke yake. RAV4 na Harrier za foo-wili zina difu ndogo ya nyuma ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo, na katika RAV4 nyingi huchukua nusu lita tu hivi. Nusu lita ikipungua kidogo, kilichobaki ni kidogo sana.

Subaru zinahitaji neno lao. Forester na Impreza za otomatiki za miaka ya nyuma, zile zilizojaa Nairobi na sasa Dar, zina difu ya mbele iliyounganishwa na giaboksi lakini yenye oili yake tofauti, na hii ndiyo ile difu adimu yenye dipstiki. Chini ya gari hilo nati za kumwagia ziko jirani: ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele. Makosa yanayotokea ni yaleyale miaka yote. Mtu anadhani anamwaga oili ya injini, kumbe anamwaga ya giaboksi au ya difu. Kisha anaongeza lita nne kwenye injini ambayo haikuwa imepungua chochote. Gari linaondoka na injini iliyozidi na giaboksi tupu. Ukiwa na Subaru, fuatilia kila nati kwa kidole mpaka ujue imeshika chuma gani kabla hujaweka spana.

Sasa tuseme difu inafanya nini, kwa sababu ukielewa hapo hutahitaji kukariri masharti ya oili. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama upana kati ya magurudumu mawili ni mita moja na nusu, basi kwenye kona ya nyuzi 90 gurudumu la nje hutembea zaidi kwa takribani mita 2.4, iwe kona ni ya kubana au ya kuzunguka mbali. Magurudumu mawili yakifungwa kwenye chuma kimoja, moja lazima liburuzwe. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, alilipatia jibu tatizo hilo katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke: gia ndogo zilizokaa katikati ya ekseli mbili, zinazogawa nguvu huku zikiruhusu kila upande uzunguke kwa mwendo wake. Difu iliyo chini ya HiAce leo inafuata wazo hilohilo.

Kazi yake ya pili ni kugeuza mzunguko kutoka kwenye propela kwenda kwenye magurudumu na kuupunguza kasi. Pinioni ndogo yenye meno 10, kwa mfano, inaisukuma kraunwili yenye meno 41. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka kama mara 635 kwa dakika, na pinioni karibu mara 2,600. Kila jino la pinioni linabeba uzito wa gari, abiria na mizigo yao, likakabidhi kwa jino linalofuata, mara elfu nyingi kila dakika, kuanzia Ubungo mpaka Morogoro.

Hapo ndipo oili inapokuwa kitu cha pekee. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Gleason ya Rochester, New York, ilitengeneza gia za namna mpya ambazo pinioni yake hukaa chini ya mstari wa katikati wa kraunwili, na Packard wakaanza kuzitumia kwenye magari yao mwaka 1926. Propela ikashuka, sakafu ya gari ikashuka nayo, meno yakawa makubwa na kimya zaidi. Lakini meno ya gia hizo hayabingiriki tu, yanateleza na kusuguana kwa urefu wake chini ya shinikizo kubwa, na msuguano huo huikata oili ya kawaida na kuacha chuma kikila chuma. Dawa yake ilikuwa kuchanganya oili na misombo ya salfa na fosforasi, ambayo kwenye joto la msuguano hujenga utando mwembamba juu ya jino na kulizuia lisishikane na mwenziwe. Ile harufu kali inayokusonga unapofungua kopo la oili ya difu ni ya salfa hiyo. Kwa mtu anayeijua, ni harufu ya matumaini.

Kiwango kinachoonyesha kwamba oili ina dawa hiyo ya kutosha kwa gia za namna hii huandikwa kwenye kopo: GL-5. Ukiona GL-4, hiyo imekusudiwa giaboksi nyingi za kubadilisha gia kwa mkono, na kwenye difu dawa yake haitoshi. Kinyume chake, usichukue GL-5 iliyobaki ukaimimina kwenye giaboksi bila kusoma kitabu cha gari, maana baadhi ya oili za GL-5 hula shaba iliyomo kwenye giaboksi. Zote mbili dukani huitwa oili ya gia, na kijana wa duka akikupa yoyote hatakuwa amekudanganya. Soma mwenyewe.

Kuhusu uzito, magari mengi ya huku hutumia nambari 90, ambayo leo huuzwa zaidi kama 80W-90 au 85W-90. Mtu akisikia 90 hudhani ni nzito maradufu ya oili ya injini nambari 40, lakini vipimo hivyo viwili ni tofauti: oili ya gia nambari 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini nambari 40 au 50. Herufi W na nambari iliyo mbele yake huhusu baridi. Pwani haitakusumbua, lakini Njombe na Makete, ambako kuna asubuhi za barafu kwenye majani, 75W-90 hulainika mapema zaidi. Malori hutumia pia 140. Wako wanaoweka 140 kwenye pikapu kwa sababu difu inalia, na ni kweli kelele hupungua. Beringi iliyokufa haijapona, imezibwa mdomo tu, na mtu anayenunua gari lililotendewa hivyo ameuziwa difu mbovu.

Kama difu yako ni ile yenye klachi ndani, inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure kwenye tope, inahitaji oili iliyoandikwa LSD. Mara nyingi huwa na kibandiko karibu na nati ya kujazia kinachokuonya. Ukitumia oili ya kawaida, gari hutetemeka na kugonga kwenye kona za polepole.

Nunua kwenye duka unaloliamini, kopo lenye lakiri nzima na nembo ya TBS, au ya KEBS ukiwa Kenya. Oili feki ziko sokoni, na kwenye difu, ambako inakaa muda mrefu bila kutazamwa, ndiko feki inakoumiza kimyakimya. Hilux na HiAce huhitaji kati ya lita mbili na tatu, kutegemea toleo. Nunua tatu. Na nunua washa mpya mbili za nati. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyozuia uvujaji.

Siku ya kazi, endesha gari kwanza, kilomita 15 au 20. Oili ya moto hutiririka na kuondoka na uchafu uliotulia chini. Ya baridi hujikokota na kuuacha. Kisha egesha mahali palipo sawa kabisa. Hilux na HiAce nyingi zina nafasi ya kutosha kuingia chini bila kuliinua gari, na hiyo ndiyo njia bora. Kama ni lazima kuinua, sikiliza vizuri. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huvuja, huteleza, huzama kwenye mchanga. Tumia stendi za chuma, na kama sakafu si ya zege weka ubao mpana chini ya kila stendi. Usitumie matofali ya saruji, kwa sababu hupasuka ghafla bila kukuonya. Kinga magurudumu kwa magogo, vuta hendibreki, litikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini, na mwambie mtu wa nyumbani kwamba uko huko. Watu wamekufa kwa kazi ndogo kuliko hii.

Utaona nati mbili kwenye difu. Iliyoko katikati kwa urefu ni ya kujazia. Iliyoko chini kabisa ni ya kumwagia. Katika Toyota nyingi za kazi ni za spana 24, nyingine zina tundu la alenki 10, na difu za nyuma za Subaru nyingi huchukua mraba wa nusu inchi wa rachi yenyewe. Piga brashi ya waya kuzunguka nati zote mbili mpaka udongo uishe, usije ukauingiza ndani wakati wa kufungua.

Halafu fungua ya kujazia kwanza. Nasema tena, ya kujazia kwanza. Nati hizi zinaweza kuwa hazijaguswa tangu gari litoke Japani, na kutu imezishika. Ukimwaga oili yote kisha ukagundua kwamba ya kujazia haifunguki, unabaki na gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi wa mtaa wa pili. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana iliyolegea; itakata kona na kuwa duara. Tumia soketi ya pembe sita inayoshika barabara, gonga kichwa cha nati kwa nyundo mara kadhaa kuiamsha kutu, paka mafuta ya kulainisha, subiri nusu saa, kisha vuta kwa paipu ndefu taratibu. Ikikataa tena, funga kazi. Difu yako bado ina oili na gari lako bado linatembea, mpelekee fundi.

Ikifunguka, chovya kidole ndani kabla ya lolote. Oili inapaswa kugusa ukingo wa chini wa tundu, au kuwa chini yake kwa milimita zisizozidi tano. Kidole kikikosa oili, kuna mahali inapotokea, na umejifunza hilo kabla ya kumwaga tone. Sasa weka beseni, fungua ya chini, uondoe mkono haraka kwani ina joto. Iache itoke mpaka ibaki kudondoka tone moja moja.

Dakika zinazofuata ndizo ambazo fundi wa gereji, mwenye magari manne yanayomsubiri, hana nafasi ya kukupa. Ichukue oili uipeleke juani. Nyeusi au kahawia iliyokolea ila angavu, hiyo imefanya kazi yake na imechoka kwa heshima. Ikiwa imebadilika rangi kuwa chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ikiwa hivyo, oili mpya utakayoweka leo ihesabu kuwa ya kuoshea: endesha kilomita kadhaa ipate joto, uimwage, uweke nyingine, na safari hii ukague kipumulio. Ni kikofia kidogo juu ya ekseli, mara nyingi kimezibwa na tope lililokauka. Kikizibwa, joto hujenga shinikizo ndani, oili husukumwa nje kupitia sili za ekseli, ikafika kwenye breki za nyuma. Wengi wamebadilisha breki shuu na sili tena na tena bila kujua kwamba mzizi wa tatizo ni kikofia hicho. Kitoe, kisafishe, kizungushe kwa vidole mpaka kiwe huru.

Tazama pia nati ya kumwagia. Nyingi zina sumaku kwenye ncha, na juu yake utakuta ujiuji mweusi. Upake kati ya vidole viwili. Ukiwa laini kabisa usiokwaruza, ni unga wa kawaida wa meno yanayosuguana, hasa kama oili haijabadilishwa muda mrefu. Ukisikia chembe, ufute kwenye karatasi nyeupe na uzitazame. Vipande vyembamba bapa vinavyometa hutoka kwenye beringi au kwenye uso wa meno unaobanduka. Kipande chenye umbo, chenye kona, ni jino lililovunjika, na hapo hakuna oili itakayosaidia. Difu lazima ifunguliwe na fundi anayejua kupanga kraunwili na pinioni, kazi inayopimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Vihifadhi vipande hivyo kwenye mfuko umwonyeshe.

Mwisho, pima kilichotoka. Mimina kwenye chupa za maji zenye alama ya ujazo. Kitabu kikisema lita 2.5 na wewe umepata lita moja na robo, rudi chini na tochi. Tazama mahali propela inapoingia kwenye difu, kisha upande wa ndani wa kila gurudumu la nyuma. Unyevu wenye vumbi lililogandamana ndiyo alama ya sili iliyochoka.

Kufunga na kujaza ni rahisi baada ya hayo. Futa nati ya chini, weka washa mpya, kaza. Kwa Toyota nyingi mkazo ni karibu nyutoni-mita 49. Kama huna spana ya kupimia, ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 17 hivi kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30. Kukaza kwa hasira huharibu nyuzi za kava la difu, na hilo ni kubwa kuliko washa. Oili huiingizi kwa faneli, kwa sababu tundu liko ubavuni. Tumia pampu ya mkono inayouzwa kwenye maduka ya spea, au kopo lenye mdomo mrefu lililounganishwa na mpira safi. Jaza polepole mpaka ianze kumwagika yenyewe kutoka kwenye tundu, subiri dakika chache itulie kwenye ekseli, ongeza kidogo, acha inayozidi itoke, kisha funga. Gari likiwa limeinuliwa nyuma tu, kipimo hiki ni cha uongo. Lazima likae sawa mbele na nyuma. Usijaribu kuongeza zaidi ya tundu kwa nia njema. Oili iliyozidi hutoa povu na kutafuta njia kwenye sili.

Endesha kilomita kumi, rudi, pitisha karatasi kavu chini ya kila nati. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi ukibandike mahali utakapokiona, kwa mfano ndani ya boneti. Kwa gari la kawaida kilomita 40,000 ni muda mzuri; kwa daladala, gari la mizigo, au gari la barabara ya vumbi, 20,000. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate.

Imebaki ile oili chafu kwenye chupa zako. Ina chembe za chuma na salfa iliyoungua, na desturi ya kuipaka kwenye nguzo za uzio ili kufukuza mchwa huishia kwenye udongo, na kutoka hapo kwenye kisima cha jirani. Usiimwage kwenye mtaro, usiimwage chooni, usiichome. Funga chupa, andika juu yake ili mtoto asiichezee, na uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta chenye pipa la kukusanyia oili iliyotumika. Ukipita mtaani ukaona fundi anamwaga ya kwake kwenye mfereji, mwambie kwa adabu kwamba pipa hilo lipo.